Roboti ya Chai na Mshono wa Shaba

Mume wangu, Torazo Hokari, alisugua vijiko kiwandani mpaka ving'ae, miaka thelathini na moja, hapa mjini Tsubame, Japani. Kiwanda kilipomstaafisha kwa hotuba na saa ya ukutani, akaamua kuwa mvumbuzi. Anatengeneza roboti ndogo zinazotembea kwa mvuke. Ndivyo mji mzima unavyojua.

Mji haujui kwamba uhai wa roboti hizo ni boila, mtungi wa shaba wa kuchemshia maji, wenye ukubwa wa ngumi, na boila iliyoungwa vibaya hukupasukia usoni. Torazo hajui kuunga shaba kwa moto. Mimi najua. Nilitolewa shule nina miaka kumi, nikaunga midomo ya birika kiwandani mpaka nikaota mvi. Boila zake zote tisa nimeziunga mimi, jikoni, wali ukiwa motoni. Yeye huzing'arisha, kisha huitwa fundi.

Mwaka huu alitengeneza roboti ya miguu minne inayobeba kikombe cha chai. Ukikitwaa kikombe, inasimama. Ukikirudisha, inageuka na kurudi ilikotoka. Siku chache kabla ya mashindano ya chama cha wavumbuzi wa mji nilimwomba jambo moja tu.

"Baba Yukie, kwenye kadi ya mashindano andika na jina langu."

"Muhuri wa jina la nyumba yetu ni mmoja, Mama Yukie. Mtu akisoma Hokari, na wewe si umo humo?"

"Hata kwenye kaburi la akina Hokari nitakuwamo. Mimi nataka kwenye kadi."

Akacheka. "Kadi yenyewe ndogo."

Siku ilipofika, tulikuwa wake sita ukumbini, tukiwagawia chai wanaume arobaini. Roboti ya Torazo ilitakiwa kupeleka kikombe kimoja, nao walishaanza kuipigia makofi hata haijawashwa. Mimi nilikuwa kwenye kikombe cha thelathini na mbili.

Sheria ya chama ni kwamba kabla ya moto, boila hujazwa maji baridi kwa pampu ya mkono, ionekane kama inavuja. Mwenyekiti, Mzee Urushiyama, akapampu. Tone likachomoza kwenye mshono. Likafuata la pili. Nilijua kulikoni nikiwa kule mbali, sinia mkononi: Torazo alikuwa ameupiga msasa mshono wangu mpaka ukameta kama kijiko cha harusi, na fedha yote niliyoyeyusha kuishika shaba ikaishia kwenye kitambaa chake.

"Si neno, fundi," akasema Mzee Urushiyama. "Sheria unaijua. Aliyeunga aunge tena mbele yetu. Moto huu hapa."

Torazo akautazama moto kama mkwe aliyekuja bila taarifa. Kisha akanisogelea kwenye meza ya chai.

"Mama Yukie, njoo unishikie koleo kidogo."

"Nina chai ya watu mkononi."

"Niokoe, mke wangu. Wananitazama."

"Waambie nani aliyeunga, nitakuja sasa hivi."

Masue, mke wa mwenyekiti, alikuwa kando yetu akifuta vikombe. "Sema tu, shemeji! Jina lenyewe fupi!"

Torazo akamtazama mwenyekiti, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaweka sinia chini.

"Wenzangu," akasema, "shaba ya siku hizi ni mbovu. Roboti yangu naiondoa mashindanoni."

Wakampigia makofi kwa uungwana wake. Nikainua sinia. Chai ilikuwa imepoa, na kwa hilo nililaumiwa mimi.

Kesho yake niliiunga boila upya. Lakini kwanza nilichukua msumari na nyundo, nikachimba jina langu tumboni mwake kwa nje, Fusae, kwa zile herufi nyepesi ninazozimudu, nikazichimba kwa kina mpaka pale msasa usipofika. Torazo anasema zinaharibu sura ya kazi yake. Anazisugua tangu Jumapili. Shaba inazidi kung'aa na herufi zinabaki nyeusi, na sasa hata mwenye macho mabovu anazisoma akiwa mlangoni.