Mkungu wa Kitabu Kinene

Fundi wa redio wa Birongo haandiki popote vitabu anavyosoma. Kila anapofungua kipya hupanda mgomba nyuma ya kibanda, na mkungu wake haukatwi kabla kitabu hakijaisha. Mgomba huchukua mwaka mzima, kwa hivyo, husema, aliyeshindwa na kitabu asisingizie muda. Husoma midomo ikimcheza, vidole vyake vyenye alama za kuungua vikipapasa ukurasa kama waya wenye stima, na mambo yakichacha huguna, "Ati nini?" mpaka kuku watawanyike.

Jumatatu moja Apondi, mchuuzi wa ndizi kutoka Kisumu, alimkuta kwenye kigoda chini ya mkungu ulioanza kudonolewa na ndege, kitabu kinene kikiwa bado katikati. Gari lilikuwa likimngoja barabarani.

"Fundi, kata bwana, zinaiva!"

Fundi akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine. "Mama, bado sijajua nani aliiba ng'ombe."

"Ni mume. Nilikisoma shuleni."

Fundi akakifunga kitabu polepole, kama mtu aliyepokea habari za msiba, akaukata mkungu.

Apondi hakuwa amewahi hata kukishika kitabu hicho. Wiki iliyofuata fundi alikuwa akimngoja.

"Ng'ombe hakuibwa, mama. Alipotea tu, akarudi mwenyewe."

Akamwekea kitabu mikononi, akamvutia kigoda chini ya mkungu mnono kuliko wote.

"Huu ni wako. Ukikimaliza, tutaukata."

Gari lilipopiga honi, Apondi alikuwa ameshalamba kidole.