Ubeti Uliorukwa

Wivu wangu ulianzia kwenye kiti. Kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, na mimi ndiye niliyeufunga, miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi Mpanda. Wakati ule duka letu la kompyuta karibu na stendi lilikuwa na meza mbili, na mimi ndiye niliyekaa kwenye kile kiti. Mwenzangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tulimaliza kidato cha nne darasa moja, tuliimba kwaya moja, lakini mimi nilimtangulia kuiona kompyuta, kwa hiyo nilimfundisha hata kuiwasha.

Kisha nikaondoka. Nilikaa Tunduma, nikakaa Kigoma, nikakaa Geita. Kila mji nilikaa mpaka nilipoanza kuiota Mpanda, halafu badala ya kurudi nikahamia mji mwingine. Mwaka jana nilichoka. Nilishuka kwenye treni ya Kaliua na begi moja, nikaenda dukani moja kwa moja.

"Fundi mkuu!" mwenzangu akapiga kelele, akanikumbatia. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti changu. Mimi nikavutiwa benchi la wateja.

Nilimkuta na tatizo. Kazi tuliyoianza pamoja kwa maikrofoni ya kuazima, ya kurekodi kwaya za vigango vya kanisa, yeye aliendelea nayo peke yake. Nyimbo za Mpanda, Inyonga, Sibwesa na kwingine zilijaa kwenye diski moja kubwa. Diski ikiwa karibu kujaa, wimbo haupati nafasi moja ya kukaa. Unakatwa vipande na kila kipande kinawekwa palipo wazi. Aliyewahi kushika daftari la kwaya anajua jambo hili. Wimbo unaanza ukurasa wa tano, nafasi inaisha, chini panaandikwa "endelea ukurasa wa arobaini." Kuna programu ya kukusanya vipande hivyo na kuvipanga upya pamoja. Aliiendesha. Ilipomaliza, nyimbo nyingi zilikuwa zimeharibika. Katikati palirukwa, na mwishoni palibandikwa sauti za wimbo mwingine kabisa. Aliichomoa diski siku hiyohiyo ili pasiandikwe kitu juu yake, akawa anafanyia kazi nakala yake.

Mtu mwingine angelaani na kuacha. Yeye aliamua kwamba kosa liko kwenye draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kusoma na kuandika kwenye diski. Draiva hiyo ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kusoma maandishi yake. Basi akawa anayasoma, mstari kwa mstari, kamusi pembeni. Akawaandikia wenye kuitunza, na mmoja wao, wa nchi ya baridi huko, akawa anamjibu kila asubuhi. Anamsalimu kwanza, anamuuliza mvua zimeanza? Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiona kompyuta inalia ting, na mwenzangu anatabasamu peke yake.

Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu mvua.

Siku ya tatu alinisomea barua mojawapo. "Wanataka faili lilivyokuwa kabla ya kuharibika, walilinganishe na hili. Bila hilo hawaoni kilichotokea. Mimi sina. Nakala zote zilikuwa humo humo."

"Pole," nikasema.

Mimi nilikuwa nalo. Ndani ya begi langu, imeviringishwa kwenye sweta, kulikuwa na diski ndogo yenye nyimbo zote za mwanzo. Nilizinakili siku niliyoondoka, baada ya kugombana naye, alipokwenda kula. Nilikuwa nimemwambia sihitaji chochote cha duka lile. Kisha nilizisikiliza nyimbo hizo kila mji nilioishi, mpaka nikajua wapi benchi lilisogezwa na wapi mtoto alilia.

Nikanyamaza. Nitaeleza kwa ukweli, maana muda umepita. Sikutaka nyimbo zipotee. Nilitaka ashindwe kwanza. Nilitaka ageuke kwenye kile kiti aseme, "Fundi mkuu, nimekwama, hebu njoo." Hapo ndipo ningefungua begi. Lakini hakusema. Kila siku alikwama, na kila siku alirudi kusoma.

Mkewe, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa na haraka. Kigango cha Sibwesa kilikuwa kinajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wake, na kilitaka wimbo wao wa zamani, ule ambao yeye aliimba solo kabla hajaolewa. Daftari lilishaliwa na mchwa. Mwalimu aliyeutunga alishafariki. Rekodi ilikuwa moja tu, na ubeti wa pili haukuwemo tena. Kutoka wa kwanza iliruka hadi wa tatu.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa kwao, ambako ndiko nilikofikia na begi langu. Shemeji alikuwa anachambua mchele uani, mimi nabangua karanga, mwenzangu kaweka kompyuta magotini kama kawaida. Nikawa naimba kwa sauti ya chini, bila kufikiri.

"Shemeji, rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo hapo. Huo si ubeti wa pili?"

Nikarudi kwenye karanga zangu, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Mimi niliyeuimba nimeusahau," akasema, ungo umesimama mikononi. "Kwaya nzima imeusahau. Wewe uko huko unakokujua mwenyewe miaka yote hii, umeukumbuka mpaka pale nilipokohoa? Maana umekohoa, shemeji. Kikohozi changu umekiimba!"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwenzangu alikuwa ameinua macho.

"Unayo," akasema.

Niliingia ndani nikaleta ile diski, bado na sweta lake.

"Ulinakili lini?"

"Siku ile."

"Siku ile uliyosema huhitaji kitu?"

"Siku hiyo."

"Na hizi wiki mbili unaniona nahangaika."

"Nilikuwa nakuona."

"Una roho ya kwa nini wewe!" shemeji akasema. "Ungekuwa mdogo wangu ningekuchapa na huu ungo."

Mwenzangu aliichukua ile diski mkononi mwangu. Aliichomeka diski, akaweka mafaili mawili, zima na bovu, ubavu kwa ubavu. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea kwa nafuu. Badala yake akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi nione. Orodha ya vipande vya wimbo ilikuwa ndefu, haikutosha kwenye ukurasa mmoja wa diski, ikaendelea kwenye wa pili. Vipande vya ukurasa wa kwanza vyote vilikuwa sawa. Kwenye wa pili kila kimoja kilikuwa kimesogea hatua moja.

Hapo nikacheka, na nadhani nilikuwa sijacheka tangu nishuke kwenye treni.

"Mmefungua ukurasa, mmeruka mstari!" nikasema kwa sauti ya mwalimu wetu wa kwaya wa zamani.

Sisi wa sauti ya tatu tulikuwa na kosa hilo. Tulishika daftari moja watu wanne, na anayefungua ukurasa alifunika mstari wa kwanza kwa kidole gumba. Tukaingia wa pili, tukamaliza mapema, na ili tufike pamoja na wenzetu tukajaziliza kwa mstari wa wimbo unaofuata. Mwalimu alikuwa anagonga benchi kwa kiatu.

Mwenzangu aliyafungua tena maandishi ya draiva. Akatafuta mahali draiva inapofungua ukurasa wa pili. Hesabu ilianzia moja badala ya sifuri. Alibadilisha tarakimu hiyo moja.

Vile vipande vilivyorukwa vilikuwa bado vimelala mahali pake kwenye diski kubwa. Alivirudisha kimoja kimoja, ubeti wa pili ukiwemo, pamoja na kikohozi. Rekebisho akalituma kwa wale wa nchi ya baridi, wakalipokea. Liko na jina lake. Aliniuliza kama aweke na langu, nikasema hapana, kwa kiburi, kisha nikajuta wiki nzima. Nilikuja kuona alikuwa ameandika chini ya jina lake kwamba kosa lilitambuliwa na mwimbaji wa sauti ya tatu.

Siku ya sikukuu niliimba nao Sibwesa. Watu walimpongeza mwenzangu mlangoni, na wivu wangu ukarudi uleule.

Diski yangu alinirudishia akiwa ameijaza nyimbo zote, mpaka za mwaka huo. "Ukiondoka tena usiibe," akasema. "Zipo zote humo."

Sijaondoka. Jioni nakaa kwenye lile benchi na kuzisikiliza, kwaya moja baada ya nyingine, miaka kumi na mmoja ya nyimbo ambazo sijui kuziimba sauti ya tatu.