Kabla ya Kuifungua Injini

Nilisikia kwanza. Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka wa sebuleni, macho nimeyafumba, na nje uani, katika parseli yetu, kitu kikaanza kuhema. Paf, halafu hewa tupu, halafu hewa tupu. Paf, hewa, hewa. Demarere, ile mota ya kuwashia, ilikuwa ikiizungusha injini bila kuiwasha, na injini ilipumua kama mtu anayepanda mlima na gunia la makaa mgongoni. Kisha ikanyamaza, nikasikia sauti ya baba ikithibitisha.

"Njo vile. Zote tatu iko sawasawa. Zimechoka tu."

Nikafumbua macho.

Gari lenyewe ni la milango miwili, fupi, usukani uko kulia, na lilifika Goma kutoka pwani kabla sijazaliwa. Baba aliuza vipuri maisha yake yote, kama babu aliyekuja na biashara kutoka Maniema, lakini gari hilo hakuwahi kuliuza. Injini yake haina pistoni. Ndani mna pembe tatu ya chuma, mbavu zake zimevimba kidogo kama mahamri, inayozunguka ndani ya chumba cha chuma. Kwenye kila ncha kuna kipande chembamba ambacho mafundi wetu wanakiita segma. Segma hizo ndizo zinazosugua ukuta wa chumba na kuzuia hewa isitoroke.

Nilikua nikisikia habari hizo mezani, kwa hiyo nilijua maana ya kile kilichosikika. Ukitoa buji, yaani plagi ya cheche, na kuizungusha injini, hewa inatoka tunduni kwa mapigo matatu. Mapigo yakiwa dhaifu lakini sawasawa, segma zimeganda kwa masizi: unamimina mafuta ya giabox, unaiacha ilowe, unaiwasha, moshi unafunika mtaa mzima, na injini inafufuka. Pigo likiwa moja zima na mawili matupu, segma imevunjika. Hapo hakuna kufufua. Inabidi ifunguliwe yote na kujengwa upya, kwa sababu ukiiwasha hivyo, kile kipande kilichovunjika kitauchana ukuta. Segma unaweza kuagiza Kampala. Ukuta wa injini ile haupatikani Goma, wala ng'ambo ya mpaka.

Na baba alikuwa amesema sawasawa.

Zamani watu walileta magari yao kutoka mtaa wa Birere ili yeye ayasikilize tu. Alikaa barazani na kikombe cha chai, gari likangurumishwa barabarani, naye akataja ugonjwa bila kuinuka. Tangu ile wiki ya milio mizito ya mabomu mjini, masikio yake yalianza kuondoka. Hakusema, nasi hatukusema. Simu yake ikiita, mmoja wetu aliisogeza karibu na mkono wake. Wageni tuliwakalisha upande wa kushoto, ambako bado kulikuwa na nafuu. Alipojibu swali ambalo halikuulizwa, tuliliuliza.

Mimi pia, tangu wiki ile, kuna kitu hakikurudi. Riwaya yangu ilisimama katikati ya sentensi. Jumamosi nilikwenda kwa wenzangu tunaosomeana maandishi, watu wanaosoma mpaka sauti zinakatika, nikapiga makofi wakati wa kupiga makofi. Nilikula. Nililala. Mtu akiniuliza habari, nilisema nzuri, na haikuwa uongo wala kweli.

Nikatoka nje. Boneti lilikuwa wazi, baba amesimama kando yake. Fundi alikuwa kwenye usukani, mguu mmoja nje juu ya mawe meusi. Alijifunza kazi mikononi mwa baba tangu kijana, na sasa ndevu zake zina mvi. Aliponiona, aliniangalia kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Alikuwa amesikia kama nilivyosikia.

"Dada," akasema, "kile kitabu kiliisha?"

"Bado."

"Basi kiko kama hii gari. Kila siku kinataka kuwaka."

Baba alicheka kwa kuwa fundi alicheka.

Fundi akashuka, akachukua kopo la mafuta, akasimama nalo. Katika parseli yetu hakuna aliyegusa injini kabla ya baba kusema, na akishasema, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Hiyo ilikuwa adabu ya kazi, na fundi alilelewa nayo.

"Nimimine, muzee?" akauliza kwa sauti ya juu.

"Mimina. Unangoja nini?"

Hakumimina. Alifungua kifuniko polepole, akakifuta, akakitazama. Nilijua ananingoja mimi. Akimimina kisha akaiwasha, injini imekufa. Mmoja wetu akisema, yule mzee aliyekuwa akitaja ugonjwa bila kuinuka amekwisha, mbele ya mwanafunzi wake na mbele ya mtoto wake. Nilisimama. Nilijitafuta ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, na mkono ukatoka mtupu.

"Munaangaliana nini?" baba akasema. "Kama bachumba."

Fundi akainamisha kichwa. "Apana, muzee. Mafuta haya ni mazito kidogo."

"Mafuta mazito." Baba alimtazama, akanitazama. "Weka chini. Piga tena."

Fundi alirudi kwenye usukani. Mara hii baba hakutega sikio. Alikunja mkono wa shati, akainama juu ya injini na kuweka kiganja chake kwenye tundu la buji.

Demarere ikazunguka. Paf, hewa, hewa. Niliuona mkono wake ukisukumwa, kisha ukitulia, ukitulia, kisha ukisukumwa. Mafuta meusi yalimrukia mpaka kwenye kiwiko. Hakuuondoa. Aliuacha pale muda mrefu kupita ilivyohitajika, mpaka betri ikaanza kulegea na fundi akaachilia ufunguo.

"Moja," baba akasema. "Mbili haiko."

Akamgeukia fundi.

"Weye ulisikia?"

"Nilisikia, muzee."

"Na weye, mama?"

Mama ndivyo anavyoniita tangu utoto.

"Nilisikia, papa."

"Hii ya leo tu?"

Fundi alitazama mawe. Nilielewa kwamba swali halikuwa la injini.

"Apana, papa. Tangu siku nyingi."

Nilisema karibu na sikio lake la kushoto, kwa sauti ya kawaida. Aliitikia kwa kichwa. Akachukua kitambaa na kujifuta kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya kila jioni anapomaliza kazi.

"Fungua yote," akamwambia fundi. "Pitisha ukucha kwenye ukuta. Kama haukwami, agiza segma. Kama unakwama, usifunge tena."

"Na ikishafungwa, muzee? Nani atasikiliza?"

Baba alininyooshea kidevu.

"Miye siyo fundi," nikasema.

"Masikio iko." Kisha, kwa fundi: "Akisema bado, ni bado. Usikuje kuniuliza tena."

"Muzee, weye njo muzee wetu."

"Najua miye ni nani. Sikusema hiyo."

Nilidhani nitalia. Nilingoja. Jua lilikuwa kwenye boneti, mafuta yakinuka, jirani akitwanga majani ya sombe upande wa pili wa ukuta. Machozi hayakuja. Nilichofanya ni kuchukua lile kopo na kulifunga kifuniko.

Fundi akaanza kupanga funguo zake za nati juu ya kitambaa, bila kuzigonganisha.

"Naenda dukani," baba akasema, ingawa ilikuwa Jumapili na duka halifunguliwi. Hatukumkumbusha. Alishusha mkono wa shati juu ya mafuta yaliyobaki, akapita kati yetu, akafungua mlango mdogo wa geti la bati, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.