Kutafuta Njia ya Kumtoa Nesi

Kiuno changu kimechoka. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nasimulia haya kwa kujisifu. Miaka yote niliyoendesha magari ya serikali huku Kigoma, kwanza Kasulu na vilima vya Munanila, kisha Kibondo, kazi yangu hasa haikuwa kuendesha. Kuendesha ni rahisi. Kazi ilikuwa kutafuta pa kupita. Barabara ikikatika, mkubwa ofisini anakutazama juu ya miwani, anasema, "Wewe mzoefu, utapata njia," halafu anarudi kwenye chai yake. Mzoefu! Uzoefu wenyewe uko hapa mgongoni, aje auone.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku kwa uhamisho, nikadhani nitakaa kidogo, na bado nipo. Gari nililopewa ni lile refu lenye bomba la hewa lililopanda kandoni mwa kioo cha mbele, ndiyo maana watu huliita gari lenyewe mkonga. Ukitia gia ya magurudumu yote manne, linapanda mahali ambapo hata mbuzi anasita. Lakini gari halijui njia. Njia unaitafuta kwa miguu, suruali umeikunja, fimbo mkononi, unachoma tope kuona lina kina gani. Na unauliza watu. Hapo kwenye kuuliza ndipo penye kazi, maana Waha, wenyeji wa huku, ni watu wa adabu mno. Ukimuuliza mtu, "Gari linapita huku?" atakwambia linapita, hataki kukuvunja moyo. Linapita, mkubwa, linapita kabisa! Kumbe anaifikiria baiskeli yenye gunia la mihogo. Nilikwama sana mpaka nikajifunza kuuliza vingine: trela la trekta lilipita lini mara ya mwisho, na lilibeba nini? Hapo mtu anafikiri, anakuna kichwa, anakupa ukweli.

Siku ninayotaka kuisema nilitumwa kumchukua nesi kwenye zahanati moja iliyo ng'ambo ya Kumsenga. Uhamisho wake ulikuwa umetoka. Kwao ni Iringa, na pale alikuwa peke yake: ndiye nesi, ndiye mkunga, ndiye mfagizi siku mfagizi akiumwa. Watu walimwita daktari, naye alishaacha kuwasahihisha. Binti yake mdogo alimwacha kwa bibi yake huko Iringa tangu alipomwachisha ziwa. Habari hizo alinipa zamani, nilipokuwa nikimpelekea chanjo. "Baba, juzi nimempigia simu mwanangu," aliniambia, "akaniita shangazi." Alicheka aliposema hivyo, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliomba uhamisho tena na tena, na ulipokuja aliambiwa aripoti upesi, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Basi lake lilikuwa la kesho yake alfajiri kutoka Kibondo. Wa kuja badala yake hakuwepo. Nilipouliza ofisini niliambiwa ataletwa.

Niliingia asubuhi kwa barabara ya kawaida. Tukiwa tunapakia, mvua ikashuka, ile ya huku isiyobisha hodi, na ilipokata mtu mmoja akaja akisema kalavati la mtoni limekwenda na maji. Nikaenda kuangalia. Kweli, palikuwa na shimo ambalo ungeweza kuuzika mkonga mzima, na maji mekundu yanapita kwa kishindo. Haya. Kazi yangu hiyo.

Walionishangaza ni watu. Huku ukifika na gari hubebi kitu mwenyewe. Mikono inatoka kila upande, na kabla ya mikono ni salamu: "Mwakeye, mwakeye," huku wanapiga makofi taratibu, wanauliza nyumbani, wanauliza watoto, wanauliza mvua za kwenu. Siku ile hakuna. Walikaa barazani pa zahanati wakatutazama tukihangaika na godoro, mtungi wa gesi, ndoo za vyombo na meza ndogo. Nikamuuliza nesi, "Hawa leo wana nini?" Akasema hajui. Aliposema hakunitazama.

Nikaanza kuuliza njia. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, akanielekeza vizuri kabisa: shika kushoto kwenye migomba, fuata njia ya wapasua mbao, utatokea barabara kuu. Nikamuuliza habari ya trela. Akasema lilipita msimu uliopita, limebeba mbao za mninga. Hata aina ya mbao akataja! Nikaingia. Migomba inakwangua vioo, gurudumu la nyuma linazunguka bure, nashuka, nachimba, natia matawi, napanda, nashuka tena. Mwisho wa njia palikuwa na shamba la mihogo na mti ulioanguka siku nyingi, umeota uyoga. Trela halijapita pale tangu dunia iumbwe.

Tukarudi kinyumenyume. Tukakutana na wanawake waliojitwika kuni. "Mawe!" mmoja wao akasema, ndivyo wanavyoshangaa huku. "Umepotea, njia ni hii ya chini." Tukashuka bondeni, tukaambaa na kijito, gari limeinama hata nesi akashika paa kwa mikono miwili, tukapanda upande wa pili injini inalia. Tukatokea mahali pazuri, peupe, nikamshukuru Mungu. Halafu nikaona tangi la maji la zahanati. Tulikuwa tumetokea nyuma yake, na watu wapo vilevile barazani.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilizima gari nikasema maneno ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya binti wa watu. Nimechoka, tope limenijaa mpaka masikioni, mgongo unawaka moto, na watu wazima wananizungusha kama pia! "Hawa wanatuchezea," nikasema. "Hawa njia wanaijua!"

"Wanaijua," nesi akasema. "Baba, niliwaambia naenda semina."

Nilimtazama. Nikageuka nikatazama nyuma: godoro, mtungi wa gesi, meza. Salaale! Sisi watumishi tuna ugonjwa huu. Tukitaka kuondoka mahali bila maneno mengi, tunasema semina. Mwalimu anaondoka kwa semina, bwana shamba anaondoka kwa semina, harudi mtu, na wenyeji wameshaizoea semina hiyo. Sasa jamani, nani anakwenda semina na godoro lake?

"Wewe mtoto," nikamwambia, "hata kudanganya hujui."

"Nilishindwa kuwaaga. Ningewaambia nini? Kwamba hakuna anayekuja?" Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. Hasira zikaniisha. Ukabaki ule uchovu wa kutaka kulala palepale juu ya usukani.

Baadaye akafuta uso kwa kiganja, akashuka. Alikwenda barazani, akaliacha benchi, akakaa sakafuni pamoja na wanawake. Nilimfuata nikasimama kando, nikasikia yote. Aliwaambia wazi: Siendi semina. Nakwenda kwetu, na sirudi. Mwanangu ananiita shangazi. Na wa kuja badala yangu hayupo, nimeuliza, hayupo. Kuku wakapita katikati yetu wakidonoa. Kisha bibi mmoja, aliyekuwa akimsaidia nesi kuzalisha, akaanza kupiga yale makofi ya salamu, polepole, na wenzake wakamfuata. Akasema jambo kwa Kiha, na mwenyekiti akanigeukia.

"Anasema mtu aliyewapokea watoto wetu hatoki hapa kama mwizi wa kuku. Anasindikizwa."

Na njia je? Njia ilikuwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti mwenyewe! Imepanda juu ya mgongo wa kilima, pana, changarawe tupu chini, ilichongwa zamani na malori ya magogo, na kilichoificha ni majani tu. Nilimtazama yule bwana mpaka akashusha kofia yake usoni.

"Mwenyekiti, kweli?"

"Utusamehe, mkubwa. Tulidhani ukichoka utamwacha."

Nikataka kumkaripia, nikashindwa. Nilikuwa nimechoka kweli, na wangeendelea kunizungusha mara moja tu zaidi ningemwacha.

Wanaume walitangulia na mapanga, wanafyeka. Wanawake walikuja nyuma yao, wanajaza kwa mawe na mafungu ya majani mitaro iliyochimbwa na mvua. Gari likafuata mwendo wa jongoo. Mara kwa mara nilishuka kupima kwa fimbo, maana mazoea hayaachiki, lakini hapakuwa na haja. Walichojaza kilikuwa kimeshindiliwa vizuri kuliko barabara nyingi nilizopita na wakubwa. Nesi alikaa kando yangu, simu mapajani, haangalii kulia wala kushoto.

Tulipofika mahali ambapo maji yalikuwa yameikata njia kabisa, nikasimama wapajaze. Ndipo tulipomwona mwanamke mwenye mimba kubwa akija kutoka upande wa juu, amekumbatia jiwe mbele ya tumbo, limekaa juu ya kanga, uso wote jasho. Nesi akafungua mlango akaruka.

"Weka chini! Wewe, nilikwambia nini kliniki? Hilo jiwe weka chini!"

Mwanamke akaliweka kando ya mguu wake, akabaki amelishika kwa ncha za vidole. Nesi akampima palepale njiani, kiganja huku na kiganja huku, kama afanyavyo kazini. Akaguna.

"Mtoto ameshashuka. Huu mwezi hauishi hujajifungua. Sasa unabebaje mawe kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako, daktari," yule mwanamke akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alisema kama anavyoeleza mtu habari za shamba lake. "Wewe ukiondoka, siku yangu ikifika nitabebwa kwa machela mpaka barabarani. Kalavati halipo. Watapita hapahapa. Nataka wanaonibeba wasijikwae."

Nesi alisimama. Mikono yake ilikuwa bado imekaa kwenye lile tumbo. Nilikuwa nasubiri aseme nishushe godoro, na Mungu anisamehe, mpaka leo sijui nilitaka aseme au asiseme. Watu wote walikuwa wameacha kufyeka. Wa kumaliza jambo lile alikuwa yule mwanamke. Aliiondoa mikono ya nesi kwa upole, akainama kwa shida, akalisukumia jiwe ndani ya mtaro, akalikanyaga likashika.

"Nenda," akasema. "Mwanao asije akaisahau na sura yako."

Nesi akapanda gari, akafunga mlango. Nikatia gia ndogo kabisa, nikatoa kichwa dirishani, nikalipandisha gurudumu juu ya lile jiwe polepole, nikiliangalia lisihame.