Kumbikumbi Walipokuja Misani Kuluba

Wifi yangu Poni akiimba, mbuzi huacha kula. Simsifu bure; nimeona kwa macho yangu, na mbuzi walikuwa wangu. Sauti ile aliirithi kwa baba yake sajini, ambaye hata akiomba chumvi mezani jirani wa pili alisimama wima.

Mimi naitwa Annet, mtoto wa Ediofe pale Arua, Uganda, niliyekulia karibu na kanisa kuu, nikiamshwa na kengele. Lomoro, mdogo wake Poni, alinioa akanileta huku Kuluba, Koboko. Siku ya kwanza Poni alinipokea na jembe mkononi. "Karibu, Annet," akasema. "Huku kengele hakuna. Huku kuna jogoo na kuna mimi." Nilidhani ananitania. Alfajiri yake alikuwa mlangoni anaimba, na shamba la simsim likitungoja. Tangu siku hiyo tunataniana, tunanuniana, tunapikiana, na atakayemgusa Poni atanikuta mimi.

Poni ni mkulima kama sisi sote, mihogo na simsim. Jumapili ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, na hapo ndipo utamjua. Kukohoa katikati ya wimbo haruhusu. Alto wakipotea, huwatazama tu, nao wanarudi wenyewe.

Nyuma ya kigango kuna kipande cha pori. Si kikubwa, unaweza kukizunguka kabla uji wako haujapoa. Ndani kuna mivule na mikwaju, kuna tumbili wezi wa karanga, kuna ndege hondohondo wenye kelele kuliko sisi waimbaji, na katikati kuna kichuguu kirefu kuliko mume wangu. Watu wa hapa waliporudi kutoka ukimbizini, walikuta kanisa limeanguka na majani yameota hadi altareni. Jumapili ya kwanza walisali mle porini. Poni alikuwa mtoto. Mama yake alikuwa hajaimba hata mara moja tangu walipokimbia vita, kiasi kwamba Poni alidhani mama hajui kuimba. Siku ile, chini ya mivule ile, mama aliimba. Ndiyo maana Poni akipita pale husimama kidogo, na mimi ninayemtania kwa kila kitu, hapo namwacha.

Sasa nieleze habari ya kichuguu, maana aliyekulia mbali atapotea. Huku kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama vile ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mwenye kichuguu hukifyekea majani, hukilinda, na mvua zikija hukinyunyizia maji na kugonga vijiti vikavu juu yake polepole, ti-ti-ti-ti, mpaka kumbikumbi walioko ndani wadhani mvua inanyesha. Wanatoka na mabawa yao, tunawakaanga na chumvi kidogo, na hapo mgeni hata akiwa padri hasubiri kukaribishwa. Lakini agonge mwenyewe tu. Ukigonga kichuguu cha mtu, wewe ni mwizi, na kuna koo hapa hazikusalimiana miaka kwa jambo hilo. Majirani wanaweza kusaidia kukusanya, lakini bakuli la kwanza ni la mwenyewe. Asiye na kichuguu hungoja kupewa. Na jambo la mwisho, ambalo hata watoto wanalijua: kichuguu ambacho mwenyewe yuko hai hakichimbwi.

Kile cha kanisani hakikujulikana ni cha nani. Kwa hiyo kila mtu alikikwepa. Nani anataka kuwa mwizi bila hata kujua amemwibia nani?

Aliyekitaka alikuwa Mzee Yugu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mzee Yugu si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nitamsema kidogo. Kanisa letu linavuja, na tundu kubwa kuliko yote liko juu ya kiti chake. Mvua ikinyesha anabatizwa upya kila Jumapili. Alitaka kanisa la matofali, na alilitaka kabla hajafa. Udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa matofali, haupasuki. Miti ya porini ingetosha kuyachoma.

"Udongo iko, kuni iko," alisema kwenye mkutano. "Tunangoja nini? Ile ni majani na nyoka tu."

Poni akasimama. Akasema pori lile lilikuwa kanisa kabla ya kanisa, na kwamba Mungu hakuumba mivule ili sisi tumjengee nyumba kwa majivu yake. Alisema vizuri, lakini macho yake yalikuwa chini. Mzee Yugu akamwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi, "Mama, wewe tuimbie tu. Haya ya ujenzi tuachie sisi."

Ala! Nilikuwa nimeshasimama nusu. Lomoro akanivuta kitenge nikakaa, na jioni hiyo alikula muhogo bila mboga.

Poni hakula kabisa. Alikaa jikoni kwangu akichambua simsim iliyokwisha chambuliwa. "Wakikata, Annet," akasema, "mama yangu nitamsikia wapi?" Nilimshika mkono tu.

Ikawa bahati kwamba ulikuwa mwezi wa tisa, ambao kanisa linasali kwa ajili ya uumbaji. Padri Obitre, anayetuhudumia sisi na vigango vingine vingi kwa pikipiki yake, alitangaza kwamba misa ya mwezi ule ingekuwa nje. Poni hakuchelewa. "Padri, tusali porini. Watu waone kwanza wanachotaka kukata, halafu baada ya misa wapige kura."

Mzee Yugu hakupinga. "Sawa kabisa," akasema. "Tunasali, tunaaga pori vizuri, Jumatatu tunaleta mashoka."

Basi Poni akawa na misa moja tu ya kuwageuza watu mioyo. Alitunga wimbo mpya wa kuleta vipaji, yaani sadaka, altareni, wa kumshukuru Mungu kwa mvua na kila kinachotambaa na kuruka. Ngoma yetu kubwa ilikuwa imepasuka, na yeye akasema haidhuru, mvua haipigi ngoma. Akawapa Lomoro na vijana wa ngoma vijiti vikavu, wagonge gogo polepole, watu wasikie mvua inakuja. Tulifanya mazoezi nyumbani kwetu mpaka jirani yetu Zam, Mwislamu mwenye uvumilivu wa ajabu, akauliza juu ya ua, mvua hii ya kwenu itakatika lini.

Pale porini palikuwa na uwazi mmoja tu wa kutosha watu, mbele ya kichuguu. Tukaweka altare chini yake. Gogo la Lomoro tukaliegemeza kwenye kichuguu chenyewe, lisiviringike. Tulikuwa watu wazima, tumekula kumbikumbi tangu meno ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyefikiri! Akili zetu zote zilikuwa kwenye kura.

Jumapili ilikuja nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na jua likatoka safi. Watu walikuja wengi, wengine kwa ibada, wengine kuona Poni na Yugu nani atashinda. Yalisomwa maneno ya kitabu cha Mwanzo, Mungu akaona kila alichokiumba kuwa ni chema, na hondohondo akaitikia juu kwa sauti mbaya kweli, watoto wakacheka. Padri Obitre alihubiri kifupi. Kisha akachukua tawi la majani na ndoo ya maji ya baraka akaanza kunyunyiza. Alitunyunyizia sisi, akanyunyizia miti, akafika kwenye kichuguu akakimwagia bila ubahili, maana ndoo ilikuwa bado nzito.

Halafu Poni akainua mkono, na vijiti vikaanza. Ti-ti-ti-ti.

Nisikilizeni, mimi nimesikia kwaya za Ediofe, lakini siku ile Poni aliimba hata nikasahau sehemu yangu. Alifumba macho. Sauti ilipanda mpaka kwenye mivule ikatulia huko. Nilimwona mke wa Mzee Yugu anapangusa machozi na ncha ya kitenge, nikasema moyoni, tumeshinda.

Ndipo kumbikumbi wa kwanza alipotua juu ya kitabu cha misa.

Padri akampuliza. Akaja wa pili, wa tatu, kisha kichuguu kikafunguka kila upande wakamiminika, wanang'aa mabawa, wamejaa kwenye altare, kwenye kanzu ya padri, kwenye nywele za soprano. Kichuguu ambacho hakijavunwa na mtu tangu vita! Kwaya ikakatika. Poni akafumbua macho, na uso wake ukaanguka. Watu husema mpaka leo kwamba alipanga. Hakupanga chochote. Nilikuwa kando yake nikamsikia akisema, "Yesu wangu, misa yangu imeharibika."

Vijiti tu havikukatika. Lomoro aligonga kwa nguvu zaidi, macho kwenye kichuguu, na mikono yake haikuwa tena ya ibada. Wanawake wakaanza kufungua vitenge vya mgongoni. Mzee mmoja akavua kofia akaishika vizuri. Zam akatokea vichakani, mbio, na beseni kichwani. "Nani anaita kumbikumbi bila kuniambia?"

Watu wote wakasogea mbele. Na hapo Mzee Yugu akaruka, akasimama mbele ya kichuguu, mikono ameipanua.

"Simama! Hakuna mutu kugusa! Hii kichuguu iko na mwenyewe!"

Ilimtoka bila kupita kichwani. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo tulivyolelewa sote. Watu wakasimama palepale, beseni hewani, kumbikumbi wanapita juu ya vichwa vyetu. Hata Lomoro akaacha kugonga.

Poni akasogea. Safari hii alimtazama machoni. "Mzee Yugu," akasema, "mwenyewe ni nani?"

Mzee Yugu akafungua mdomo. Akakitazama kichuguu, akaitazama altare chini yake, akamtazama padri na tawi lake lililolowa. Akavua kofia.

"Mwenyewe," akasema taratibu, "ni huyu tunayemuomba hapa."

"Na yuko hai?"

"Mama, unauliza nini? Mbele ya padri? Iko hai!"

Kisha akasikia alichokisema. Sote tulisikia. Kichuguu ambacho mwenyewe yuko hai hakichimbwi. Mke wake ndiye aliyeanza kucheka, akafuata padri, na mwisho Mzee Yugu mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi," akasema, "nimekwisha. Mdomo wangu umeniuza."

"Mzee," Zam akamwita kwa uchungu, "mtaongea baadaye, wanaruka!"

Padri Obitre akakung'uta kanzu. "Mwenyewe ameruhusu," akasema. "Bakuli la kwanza lije altareni. Haraka!"

Lo, tulikimbia! Maandamano ya vipaji yalikuwa vitenge na kofia na masinia. Lomoro akarudi kwenye gogo lake. Poni akaanza wimbo upya kutoka mwanzo, akicheka na kulia pamoja, na sisi tukamwitikia huku tumeinama. Bakuli la kwanza tuliliweka mbele ya altare tukalifunika kwa sahani, na wakati padri akisali wote tulinyamaza isipokuwa wao, waliokuwa wakikwaruza ndani.

Baada ya misa, kura ilipigwa kwa mikono. Wa kwanza kuinua kulinda pori alikuwa Mzee Yugu. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyemtarajia kulisema. Nyuma ya nyumba yake kuna kichuguu alichoachiwa na baba yake, naye amekivuna tangu ujana. "Hicho mwenyewe ni mimi," akasema. "Naruhusu. Chimbeni matofali. Na miti yangu ya kalitusi kateni, mchomee." Watu walimpigia makofi, lakini mke wake alitazama chini, na mimi nilijua kwa nini. Nyumba yao ilikuwa imeingia kwenye nyumba zinazongoja kupewa.

Kuta za kanisa jipya sasa zimefika madirishani. Mabati ya zamani bado yanavuja palepale, na Mzee Yugu anakaa palepale na mwavuli, hataki kuhama, anasema anakumbusha kamati.

Mvua ziliporudi mwaka uliofuata, tulikwenda tena porini. Lomoro aligonga, padri alinyunyiza, na tukavuna mpaka Zam akakosa pa kuweka. Bakuli la kwanza tukalipeleka altareni. Misa ilipokwisha wajane na wagonjwa wasio na kichuguu wakakaa kungoja mgao, na Mzee Yugu alikuwa anachukua mwavuli wake aende nyumbani kimyakimya. Poni alilibeba bakuli kwa mikono miwili, akampita kila mtu, akapiga magoti mbele yake kama tunavyompa mkubwa chakula.

"Mzee," akasema, "mwenyewe amekutumia hili."

Mzee Yugu akaweka mwavuli chini, akalipokea.