Chuma Kilichochaguliwa kwa Sikio

Fundi mkuu wa karakana yetu pale Muleba alichagua chuma kwa sikio. Sitanii. Alikining'iniza kwa waya mlangoni, akakigonga kwa nyundo, akafumba macho kama padri anayeonja divai. Kikilia kwa muda mrefu, ni bora. Kikinyamaza upesi, takataka.

"Sisi Wahaya tulikuwa tunayeyusha chuma Mzungu hajajua kuvaa viatu!" alisema, na wazee waliokuja kuangalia wakaitikia. Mababu walifua majembe, sikatai. Ila hakuna babu aliyetoboa bamba la chuma likiwa baridi, kutwa nzima, kwa presi.

Sisi tulitengeneza bawaba. Panchi, ile ncha ya chuma ya presi, ilishuka kwa kishindo na kutoboa matundu ya skrubu. Chuma cha panchi lazima kiwe kigumu, kisiwe butu upesi, lakini pia kivumilie kupigwa, la sivyo kinapasuka kama glasi. Nilifundishwa hayo chuoni, nikamletea hata bei ya chuma chenyewe kutoka Mwanza. Alinicheka mbele ya watu. "Chuma cha dukani ni cha wavivu, kijana." Kisha akachukua tupa kuukuu, eti ya Mjerumani, kwa sababu ililia vizuri, akaichonga iwe panchi. Tupa! Kitu kinachokatika ukikiangusha sakafuni.

Na aliyekaa mbele ya presi hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, mama mpole aliyelisha bamba kwa mkono, uso wake karibu kabisa na panchi. Asubuhi panchi hiyo ilipofungwa, alinisogelea.

"Mwana waitu, wewe uliyesoma, hiki chuma hakitaniumiza?"

Bado nilikuwa nimevimba kwa kuchekwa. "Muulize mzee, Mama. Yeye ndiye anayesikia vyuma vikiongea."

Nikarudi kwenye meza yangu, nikasubiri kwa hamu panchi ivunjike, yule mjuaji aumbuke mbele ya wazee wake.

Ilivunjika kabla ya chai ya saa nne. Kipande kiliingia jicho la kushoto la mama yule. Tulimkimbiza hospitali Bukoba, madaktari wakalitoa jicho lile.

Mzee alilia kwenye benchi la hospitali, akirudia kwamba hakujua. Mjinga yule, na alikuwa anasema kweli. Nilikaa pembeni yake, nikamshika bega, nikamwambia ilikuwa bahati mbaya tu.