Mama Mdogo na Kipimo cha Pili

Kila asubuhi, kabla hajagusa kichwa cha mtu, mama mdogo alijisuka msuko mmoja mwembamba nyuma ya sikio, kisha akaufumua. Alisema vidole navyo huamshwa. Alifanya hivyo mlangoni, mimi nikifagia nywele za jana, na wifi yake, dada wa mumewe, mwenye saluni, akipanga mafuta kwenye rafu.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Hakujaliwa mtoto. Damu yake ya mwezi ilikatika miaka mingi nyuma, na watu walishachoka kumuuliza. Kisha ikarudi. Alikuwa anasuka, akanikonyeza nimletee kanga, akajifunga kiunoni, akaendelea na kazi.

Saluni haina siri. Muuza mikate, ambaye ndiye aliyekuwa anasukwa, alijua papo hapo.

"Ala! Bibi umerudia usichana?"

"Nyamaza, nitakuvuta nywele."

"Vuta tu. Hongera, bibi harusi!"

Tulicheka wote. Wifi yake alicheka hadi akalia, akamshika mabega. "Mungu amekukumbuka. Kaka yangu atapata mtoto."

Tangu siku hiyo hakumruhusu hata kuinua ndoo. Alimletea vidonge vya kusafisha kizazi kutoka duka la dawa, naye akavimeza. Nilimwona mara moja akijitazama kwenye kioo, mkono tumboni, anatabasamu peke yake.

Lakini damu ilikuja na kuondoka ovyo, siku nyingine matone, siku nyingine majimaji ya rangi ya kutu. Muuguzi mmoja aliyekuja kusukwa aliiona kanga, na vidonge rafuni, akanong'ona bila kuinua kichwa.

"Dada, hiyo ni ya muda gani?"

"Ni hedhi tu, imerudi."

"Ikishakatika, hairudi hivi hivi. Mara nyingi si kitu kibaya, lakini huweza kuwa saratani ya mji wa mimba. Hata likiwa tone moja, nenda kwa daktari bingwa wa wanawake. Na hivyo vidonge, achana navyo."

Mama mdogo alikosea msuko, akaufumua, akakosea tena.

Nilimsindikiza mama mdogo hospitali, nimebeba mkoba. Daktari bingwa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Alimpima kwa mashine, akasema ukuta wa ndani wa mji wa mimba umenenepa. Akachukua kinyama kidogo kwa mrija mwembamba, kikapelekwa maabara. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, nikamsikia mama mdogo akivuta pumzi kwa meno.

Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alisema kinyama hakikutosha.

"Kwa hiyo sina?"

"Sijasema huna, wala sijasema unayo. Maabara haikupata cha kutosha kuangalia. Tutarudia kwa dawa ya usingizi, tuingize kamera nyembamba, tuone tunapochukua."

"Na mtoto, daktari?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, damu hii si ya mtoto."

Tuliporudi saluni, mama mdogo alisema tu kwamba maabara haikuona kitu cha kutosha, na hapo hapo wifi yake akapiga vigelegele. "Hawakuona kitu! Si niliwaambia?"

Siku ya kipimo cha pili ilifika. Mama mdogo alikuwa amefika nusu ya kichwa cha muuza mikate alipotazama saa, akasimama. Wifi yake akaweka mkono mlangoni.

"Walishasema hakuna kitu."

"Walisema hawajui, wifi. Nami nataka kujua."

"Watakukwangua baraka zote humo! Ukitoka, usirudi kwangu."

Mama mdogo alifuta mafuta vidoleni. Alisema polepole, kama anamwonea huruma. "Huyo mtoto nilimtaka kukushinda wewe. Lakini hayumo."

Wifi yake alikaza mkono mlangoni.

"Jamani, na mimi je?" muuza mikate akauliza. "Niende sokoni na kichwa nusu?"

"Mwanangu atamalizia. Ana mkono mwepesi kuliko wangu."

Akanipa kitana. Akachukua mkoba wake, akainama chini ya mkono wa wifi yake, akatoka. Hadi leo hajakanyaga pale tena.